Saa ya Kupokezana Lindo

Jamhuri, Nairobi
Jumatano, 7 Mei 2025

Baba Kavutha,

Usicheke. Najua umefungua thamosi ukitarajia chai, ukakuta barafu, peni ya dawa na karatasi yangu. Tangu simu yako itumbukie kwenye ndoo ya nguo sina njia nyingine ya kukugombeza, na wewe bila kugombezwa hukai sawa. Joash wa mayai amekubali kubeba. Anapita hapa Jumatano asubuhi na huko getini kwenu Kitisuru mchana, kwa hiyo mayai ya matajiri na insulini yako yatasafiri gari moja. Barafu nimeifunga kwa kitambaa isiguse peni, maana dawa hii ikiganda imeharibika.

Peni ni ya wiki mbili. Nyingine ziko kwenye mlango wa friji hapa kazini, kando ya siagi ya Madam. Ile unayotumia inaweza kukaa chumbani Kangemi mradi isipigwe na jua. Sista Anita alitueleza hayo pale kliniki, wewe ukiwa unaangalia dirishani. Kwa hiyo nakurudishia na yale mengine uliyoyaacha dirishani: yuniti ishirini, mara moja kwa siku, kabla ya kulala, uwe umekula au hujala. Hii si dawa ya chakula. Kazi yake ni kukaa mwilini mchana kutwa na usiku kucha.

Nimekukumbuka mpaka nimechoka. Tangu Pasaka hatujaonana. Madam hajasimama tangu avunjike nyonga, na Jumapili zangu zote zimeliwa na nyonga hiyo. Napewa saa tatu tu za Ijumaa, nazo naishia kwenye foleni ya dawa zako. Kavutha alipiga simu kutoka shuleni Kitui. Anasema mtihani wa mwisho unamtisha, halafu akauliza kama bado uko lindo la mchana. Nikamwambia, baba yako aliniahidi harudi usiku tena, na hajawahi kunidanganya.

Ukirudisha thamosi, kifuniko ukikaze.

Mimi wako wa makelele,
Munyiva


Kangemi
Jumanne, 13 Mei 2025

Mama Kavutha,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa wima, kama mtu aliyeitwa ofisini. Dawa nimepokea. Nadunga kila ninapokwenda kulala, kama mlivyosema wewe na sista. Sijaruka hata siku moja.

Kuna jambo dogo tu. Jana Jumatatu niliamka shuka imelowa utafikiri imetolewa kwenye karai. Mikono ilitetemeka, vifungo vya shati la kazi vikanishinda. Nilitembea hivyohivyo mpaka Kitisuru, na nilipofika getini sikukumbuka nimepita njia gani. Nikapata sukari ya chai kwenye kibanda chetu cha getini, nikalamba viganja viwili, hali ikatulia. Nadhani ni malaria niliyotoka nayo Kitui wakati wa Pasaka. Lakini nataka kuuliza: mtu wa ugonjwa wa sukari anaruhusiwa kulamba sukari? Au nimejiongezea kosa?

Zadock, mwenzangu wa lindo, alinikuta nikilamba akasema, "Buda, wewe na siafu mko chama moja!" Nilicheka naye. Hajui ninaumwa. Kampuni pia haijui, na itabaki hivyo, kwa sababu soja mgonjwa huondolewa getini bila maelezo na Kavutha yuko kidato cha nne. Ndiyo maana sidungi kitu huko kazini. Nangoja nifike chumbani, nafunga mlango, nadunga, nalala.

Kazi ni nzuri. Mbwa mpya wa mwenye nyumba ananibwekea mimi na kumlamba mkono mgeni yeyote anayekuja. Sijui nani amemfundisha kazi.

Kifuniko nimekikaza.

Mumeo,
Musili


Jamhuri
Jumatano, 21 Mei 2025

Baba Kavutha,

Barua yako imelala kwenye gari la mayai wiki nzima, kwa sababu Joash anaanzia huku na kumalizia huko. Ndiyo nimeipata leo asubuhi, na nimeisoma mpaka uji wa Madam ukaungua.

Ulifanya vizuri kulamba. Sukari ikishuka vile lazima ule kitu kitamu upesi, sista alisema, wewe ukiwa dirishani. Tembea na sukari mfukoni, uifunge kwa karatasi. Lakini niambie, inashukaje na dozi ni ileile? Jumapili ulikula nini? Nakujua. Nisipokuwepo unakunywa chai na mkate unasema umekula. Kapime malaria, na upime sukari pia. Usiniambie mashine imeharibika. Najua ni zile stripu za kupimia zimekwisha na hukusema. Nimekuwekea kumi humu.

Jambo la pili. Nilimuuliza Joash kama ulipokea ile thamosi ya kwanza kwa mkono wako. Akasema, "Mathe, huyo mzee sikumpata. Niliachia ule msee mwingine wa geti." Ilikuwa saa nane mchana. Kama uko lindo la mchana, saa nane mchana ulikuwa wapi?

Sitaki kukuwazia mabaya. Jibu tu.

Munyiva


Kangemi
Jumanne, 27 Mei 2025

Mama Kavutha,

Habari ya Joash ni rahisi. Hakunikuta kwa sababu nilikuwa nyuma naangalia tanki la maji. Hapo getini akamkuta Zadock.

Malaria nimepimwa, hakuna. Mwili huu siku hizi haujui unataka nini. Jumatatu ya wiki iliyopita ilikuwa kinyume kabisa: kiu. Nilimaliza jagi mbili, nikawa naenda haja ndogo mpaka mbwa akachoka kubweka. Macho yaliona ukungu. Nilitumia stripu moja, mashine ikasoma kumi na tisa. Halafu jana, Jumatatu nyingine, shuka imelowa tena, mikono inacheza, na maneno hayanitoki vizuri. Nilipima nikakuta tatu. Kumi na tisa, halafu tatu, na katikati sijabadilisha chakula wala dozi. Nimeogopa kidogo, nakuambia ukweli.

Sukari ya mfukoni ilinisaidia. Nakushukuru kwa hilo.

Nimekumbuka muthokoi wako. Nimekumbuka hata ukinigombeza nikila muthokoi wako. Kavutha akipiga, mwambie baba yake anasema asiogope mtihani, aogope mama yake.

Na kuhusu Joash, nilikuwa nyuma naangalia tanki la maji.

Musili


Jamhuri
Jumatano, 4 Juni 2025

Musili,

Tanki umenieleza mara mbili katika ukurasa mmoja. Mtu anayesema kweli husema mara moja, akaendelea na mambo mengine.

Na Joash hakukukuta tarehe saba wala tarehe ishirini na moja. Nimekaa jikoni nikajumlisha. Mwanamume haonekani kazini mchana, anaamka amelowa jasho, hakumbuki njia aliyopita, siku moja sukari iko juu ya paa na siku nyingine iko chini ya kitanda. Kwangu hiyo ina maana mbili. Ama unakunywa, ama kuna mtu huko Kangemi anayekupikia chapati za mafuta usiku na kukusahaulisha sindano asubuhi. Kama yupo, nitajie jina nijue namwombea nani.

Miaka ishirini na moja, Musili. Mimi nimelala kwenye chumba cha nyuma cha watu, nimewapaka watu mafuta miguuni, ili wewe na mimi tuzeeke Kitui pamoja. Sitaki kuzeeka na picha yako ukutani.

Sasa nisikilize, na hii si utani. Usiruke dawa hata siku moja. Kila unapokwenda kulala, dunga. Sijali umelala wapi wala umelala kwa nani. Ukiweka kichwa kwenye mto, uwe umedunga. Niahidi kwa maandishi, na uweke sahihi.

Munyiva


Kangemi
Jumanne, 10 Juni 2025

Mama Kavutha,

Sina mwanamke. Nina zamu ya usiku.

Nilipaswa kukuambia mwezi wa nne. Baada tu ya Pasaka kampuni ilibandika karatasi: kila soja atafanya zamu zote mbili, wiki moja mchana na wiki moja usiku, na asiyeweza aandike jina lake chini. Kila mtu anajua maana ya kuandika jina chini. Sikuandika. Nilikuwa nimekuahidi, na niliona haya kuvunja ahadi kwa mdomo, basi nikaivunja kimyakimya. Wiki hii niko mchana, wiki ijayo usiku, na tunabadilishana Jumapili, mimi na Zadock. Joash alipokuja sikuwa kwenye tanki. Nilikuwa Kangemi nimelala, kwa sababu wiki za usiku nalala mchana.

Lakini dawa sikuiruka. Hapo usinihukumu. Wiki ya mchana nadunga saa tatu usiku nikilala. Wiki ya usiku nadunga saa moja asubuhi nikirudi, kwa sababu ndipo ninapolala. Ninachofuata ni neno lenu, kabla ya kulala.

Jumatatu ya tarehe mbili nilikwenda kliniki kwa ile tarehe yangu ya miezi mitatu, moja kwa moja kutoka lindo la usiku. Sista Anita hakuwepo, nilimkuta mwingine. Mashine yao ilisoma ishirini na moja. Aliuliza, "Baba, unaruka dawa?" Nikasema siruki. Hakuuliza kazi na mimi sikusema. Ameongeza dozi kutoka ishirini hadi ishirini na sita. Wiki hii nilipoamka Jumatatu nililowa kuliko siku zote, nikakuta nimekaa sakafuni na kiatu kimoja mkononi. Labda mwili unazoea.

Ahadi uliyotaka ni hii: Mimi, Musili Kitavi, kila nitakapokwenda kulala nitadunga dawa kwanza. Sahihi yangu iko chini.

Nisamehe ile ya usiku. Sikukudanganya kwa sababu nakudharau. Nilikudanganya kwa sababu ungenifuata mpaka getini.

Musili Kitavi


Jamhuri
Jumatano, 18 Juni 2025

Baba Kavutha,

Joash anapiga honi, naandika nikiwa nimesimama.

Nimesoma. Nimekasirika, halafu nimelia kwenye kitunguu cha Madam ili asiulize. Ningekufuata mpaka getini, hapo umesema kweli.

Ijumaa nakwenda na barua zako zote kwa Sista Anita. Yeye atajua. Mpaka nikuandikie tena, wewe endelea tu kama ulivyoahidi. Peni mpya hii hapa.

Nisamehe yale ya chapati.

Munyiva


Jamhuri
Jumapili, 22 Juni 2025

Mume wangu,

Kaa chini usome polepole, kisha usome tena.

Sista Anita alizitandaza barua zako mezani kama karata, kwa kufuata tarehe. Akauliza, "Huyu anafanya kazi gani?" Nikasema soja. "Zamu gani?" Nikasema zote mbili. Akaweka kalamu chini. "Mama, huyu haruki dawa. Anafuata usingizi wake. Na hiyo dawa haijui usingizi, inajua saa."

Alinieleza kwa lugha ya kazi yako. Dawa hii ni soja wa saa ishirini na nne. Ukidunga leo saa tatu usiku, inakaa lindoni mpaka kesho saa tatu usiku, halafu inaondoka hata kama mwenzake hajafika. Sasa tazama. Ukitoka wiki ya mchana kuingia ya usiku, unadunga Jumamosi saa tatu usiku, halafu hudungi tena mpaka Jumatatu asubuhi. Jumapili usiku kucha geti liko wazi. Ndiyo kiu yako na ukungu wa macho. Ukitoka wiki ya usiku kuingia ya mchana, unadunga Jumapili saa moja asubuhi, na Jumapili hiyohiyo saa tatu usiku unadunga tena, wa kwanza hajatoka. Soja wawili kwenye lindo moja, wote wanafukuza sukari mpaka haibaki. Ndiyo shuka yako. Ile Jumatatu uliyokwenda kliniki ulitoka usiku wa geti wazi, wakadhani dawa ni ndogo, wakaiongeza. Sasa wale soja wawili wana nguvu zaidi. Sista alipofika hapo akaniuliza kama naweza kukupata upesi.

Musili, ni mimi niliyekuandikia ukiweka kichwa kwenye mto uwe umedunga. Nakuomba uifute ahadi hiyo. Nimeifuta mimi.

Ukifika Jumapili ya kutoka usiku, dunga mara moja tu. Ile ya usiku iache. Ijumaa tutakwenda wote kwa sista apunguze dozi na kukupangia saa moja isiyohama. Mimi nimeshaifikiria: saa kumi na mbili jioni, saa ya kupokezana lindo. Wiki ya mchana unatoka, wiki ya usiku unaingia, lakini saa hiyo siku zote uko macho na uko getini. Sista alicheka akasema hakuna daktari angeipata hiyo.

Nimehesabu. Umeandika wiki hii uko mchana, kwa hiyo leo ndiyo unaingia usiku, na Jumapili mbaya ni ile ijayo, tarehe ishirini na tisa. Barua hii inakufikia Jumatano. Muda tunao. Ningekuja mwenyewe leo, ni mwendo wa saa moja tu, lakini Madam ana wageni wa kanisani na nina sambusa sitini za kukaanga.

Najua kitakachokuzuia. Hutaki kuonekana na sindano getini. Basi mwambie mtu mmoja. Mwambie Zadock. Usimwambie kampuni, mwambie Zadock tu, asimame mlangoni ukidunga. Na umwambie akikukuta umelala saa ambayo si ya kulala, asikuonee huruma. Akuamshe.

Wako, bila makelele leo,
Munyiva


Kitisuru
Jumatano, 9 Julai 2025

Shemeji Mama Kavutha,

Mimi ni Zadock, niliyesimama nyuma kabisa kwenye mazishi kule Kitui na sikuweza kuja kukushika mkono. Mke wangu Milcah amenikataza kuandika barua hii. Anasema yaliyopita yameshapita na kazi bado tunaihitaji. Lakini silali, Shemeji.

Kampuni ilikuambia Musili alifika kazini akiwa mgonjwa na tukamkimbiza hospitali. Si uongo, ila kuna saa tatu ambazo hazimo humo.

Jumapili hiyo mimi ndiye niliyeingia usiku, yeye akawa ametoka usiku, na Jumatatu tarehe ishirini na tatu alikuja asubuhi kunipokea. Alifika saa kumi na mbili kasorobo. Alitembea kama amelewa, na nilimnusa, hakuwa amekunywa. Nikamwambia, "Musili, vipi, leo umeamkia wapi?" Akajibu, "Funguo anazo mama." Nikacheka. Akaketi kwenye benchi kibandani, akaegemea ukuta, akalala papo hapo.

Shemeji, sisi Jumatatu ya kubadilisha zamu tunaijua. Kila soja huyumba siku hiyo. Na tuna desturi yetu ambayo haijaandikwa popote: ukimkuta mwenzako amelala, humwamshi, unamfichia. Musili alinifichia mara nyingi mwaka ule mtoto wangu alipokuwa amelazwa. Basi nilivua koti langu la baridi nikamfunika mpaka shingoni, nikafunga mlango wa kibanda, nikasimama getini badala yake. Kwenye kitabu cha matukio nikaandika: Saa kumi na mbili asubuhi, lindo limekabidhiwa kwa Musili, hali ni shwari. Saa moja msimamizi akaja na pikipiki akauliza Musili yuko wapi. Nikamwambia yuko nyuma anaangalia tanki la maji. Ndiyo maneno yetu sote.

Nilimsikia akikoroma. Nikajiambia, wacha apumzike. Baadaye sikumsikia tena, nikafurahi kwamba sasa usingizi umemkolea.

Saa tatu kasoro dakika kumi nikaenda kumwamsha. Koti langu lilikuwa limelowa ndani na nje. Niliita, nikamtikisa, nikampiga kofi, Mungu anisamehe. Mwenye nyumba akatoa gari. Daktari aliuliza, "Ana ugonjwa wa sukari?" Nikasema hapana. Shemeji, nilisema hapana kwa sauti ya mtu anayejua, kwa sababu ni miaka sita nimejuana na Musili, dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, na nilidhani kama kuna jambo ningekuwa nalijua. Walimpima wenyewe, wakakuta sukari imekwisha. Walimtia ya mshipani. Saa tano wakatoka nje kuniambia.

Mfukoni mwake nilikuta sukari imefungwa kwa karatasi, haijafunguliwa. Mara ngapi nilimtania kuhusu sukari.

Na thamosi yako, ile ambayo Joash alikuwa ananiachia nimpe. Nilikuwa namwambia, "Mke wako anakupenda, Buda, kila mara chai." Naye alikuwa anasema, "Sana." Nimeiosha, nakurudishia.

Angeniambia tu. Ningemwamsha, Shemeji. Ningemwamsha kila siku.

Nakuuliza na unijibu hata kama ni vibaya: ni mimi niliyemuua?

Zadock


Jamhuri
Jumatano, 16 Julai 2025

Shemeji Zadock,

Barua yako imenifikia leo asubuhi, imelala wiki moja na mayai. Naona wewe pia ulisubiri wiki hiyo yote.

Nilipofika mahali pa koti niliiweka chini nikatoka nje. Nilikuchukia, na sitakuficha. Niliwaza jinsi ulivyosikia kukoroma kumenyamaza ukafurahi, nikataka kuja huko Kitisuru nikurushie mawe. Halafu nikarudi nikasoma tena, nikaona umemfunika mpaka shingoni. Juni huwa na baridi. Mimi sikumfunika. Jumapili ile nilikuwa nakaanga sambusa.

Unauliza kama ni wewe. Ngoja nikuambie langu, kisha uhesabu mwenyewe. Musili aliniandikia kwamba wiki hii yuko mchana. Juu ya karatasi kulikuwa na tarehe, kumi Juni, kwa mkono wake mzuri. Mimi niliisoma tarehe kumi na nane. Tarehe niliiona, Shemeji, lakini sikuihesabu. Niliona "wiki hii" nikadhani ni wiki yangu. Nilijiambia muda tunao, kumbe Jumapili ile ninayoandika ndiyo yenyewe, na wakati natia mafuta kwenye karai yeye alikuwa ameshadunga ya kwanza na anangoja usiku atimize ahadi ya kudunga ya pili. Ahadi hiyo nilimdai mimi kwa hasira, na akaiwekea sahihi. Simu hakuwa nayo, lakini miguu nilikuwa nayo. Ni mwendo wa saa moja.

Kwa hiyo kama ni wewe, ni mimi kwanza, na ni yeye pia na siri zake, na yule aliyebandika karatasi ya zamu. Kavutha ameniambia nisizidi kugawa, maana hata nikigawa vipi baba yake harudi. Alikuwa analia akisema hivyo. Mtihani atafanya.

Nakutumia barua moja ambayo haikutoka. Niliiandika Jumapili ile na kuiweka kwenye mlango wa friji pamoja na peni, tayari kwa Joash wa Jumatano. Jumatatu mchana nikapigiwa simu. Imebaki hapo kwenye baridi mpaka leo, na kila nikichukua siagi naiona. Ndani yake kuna mambo ya saa na dozi ambayo hayakuhusu tena, lakini soma mpaka mistari ya mwisho. Utakuta jina lako. Niliyoyaomba hapo ni yale ambayo wewe hukuyafanya kwa sababu hayakukufikia, na nataka ujue kwamba nilikuamini kabla sijakujua.

Thamosi nayo nakurudishia, ibaki getini. Ijaze chai yenye sukari nyingi kila mnapopokezana. Soja mpya akija, mwambie habari za Musili siku ya kwanza, na umuulize anaumwa nini, umuahidi hutaipeleka ofisini. Ukimkuta mwenzako amelala, mwamshe. Akikutukana, mwache atukane, akimaliza mpe chai. Na asipoamka, Zadock, usimfunike. Piga kelele.

Munyiva, mke wa Musili